Mgongo kwa Lango

Watu wanaodhani kona ni mahali pa kupumzikia waende wakasimame wenyewe. Katika mpira wa mikono, winga wa kulia husimama pembeni kabisa, kisigino karibu na chaki ya mwisho, akiwangoja wenzake watano wamkumbuke. Mpira unatoka kushoto, unapita mkono kwa mkono, na ukifika kwa mtu wa mwisho kabla yake, mara nyingi huyo mtu hupandwa na tamaa akaurusha golini mwenyewe. Winga anabaki na mikono mitupu mbele ya kifua. Kisha anageuka, anakimbia kurudi kulinda, na ukiwauliza watazamaji baadaye wataapa kwamba hakuwepo.

Mwanamke tunayemzungumzia alisimama pale tangu usichana wake, mpaka timu nzima ikamwita Kona na jina likamkaa. Alikuwa mtu wa shoto, na mtu wa shoto katika mchezo huu ni mali, kwa sababu kona ya kulia inamtaka yeye. Ukiwa pale, lango linaonekana jembamba kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Lakini winga akiruka kuelekea ndani, juu ya lile duara la kipa ambalo mguu wa mchezaji mwingine hauruhusiwi kulikanyaga, mkono wake wa kushoto unasogea katikati na lango linaanza kufunguka. Akiwa hewani ana kitambo kidogo cha kutazama. Kipa anasogea kuziba, winga anangoja. Kipa anainua mkono, winga bado anangoja. Anayengoja zaidi ndiye mshindi, na Kona alikuwa hodari wa kungoja.

Nje ya uwanja pia alikuwa na mazoezi ya kutosha ya kungoja. Alikuwa dobi wa hospitali, kwenye chumba cha chini ambako mashine zinanguruma kutwa na mvuke unapanda mpaka dari linatoa jasho. Shuka la hospitali ni la watu wawili: mmoja huku, mwingine kule, mnakutana katikati mkikunja, mnaachana, mnakutana tena. Mwenzake alistaafu, wakubwa wakaahidi kuleta mwingine, na ahadi ikaishia hapohapo. Kona akapigilia ndoano mbili ukutani, akawa anakunja mashuka na ukuta. Ukuta haukosei, alikuwa akisema, ila hauna umbea.

Nyumbani alikaa chumba cha uani kwa kaka yake. Kaka yake alikuwa mtu mwema na wifi yake hakuwahi kumtolea neno baya. Hilo lisemwe wazi, tusije tukawaonea. Jioni wifi alimpakulia sahani, akaifunika, akampa mtoto apeleke. Mtoto aliiweka juu ya stuli nje ya mlango, akagonga, na Kona alipofungua aliona mgongo wa mtoto ukirudi ndani. Zamani watoto hao walimrukia shingoni wakiita shangazi, shangazi, hadi anaomba huruma. Sasa walikuwa warefu kumpita, na salamu yao ilitoka puani macho yakiwa kwenye simu. Hakuna aliyemfukuza mezani. Ni kwamba hakuna aliyewahi kumwita, na mtu akishazoea kuletewa sahani, ataanzaje kwenda kuvuta kiti? Basi alikula peke yake, akaosha sahani, akairudisha jikoni imeng'aa, akaambiwa asante wifi, akarudi uani.

Alichokuwa nacho ni timu. Siku za mazoezi alitoka hospitali akitembea haraka kuliko siku nyingine, na ukimwona njiani ungedhani kuna watu wanamsubiri.

Sasa siku moja Kocha alimwita pembeni. Kocha alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kusimamisha lori, lakini siku hiyo alizungumza chini, na Kona akajua mara moja kwamba si heri.

"Goti vipi?"

"Lipo."

"Lipo, lakini haliruki tena. Nimekuwa nikikutazama. Unashuka kabla lango halijafunguka, unampiga kipa kifuani. Usinikasirikie."

"Sijakasirika, Kocha."

"Ile kona nampa Msusi."

Msusi alikuwa binti wa saluni, mtu wa shoto naye, mwepesi, anaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Kona alikuwa ameona jambo hili likija tangu binti alipoingia timu, kama anavyoona mtu mawingu. Lakini kuyaona mawingu hakumzuii mtu kulowa. Akauliza yeye atakaa wapi.

"Mstarini," Kocha akasema. "Nanga ni mjamzito, msimu huu hachezi. Wewe una mabega. Unanyanyua mashuka mabichi kila siku, mabeki hawatakusukuma ovyo."

Mstarini ni kule kwenye ukingo wa duara, katikati kabisa ya ukuta wa maadui. Mchezaji wa mstarini anatangulia peke yake kwenda kukaa kati ya mabeki wao, mgongo kwa lango, uso kwa wenzake, akisukumwa, akivutwa fulana, akikanyagwa, akiomba mpira mmoja upenye mpaka mikononi mwake. Ni kazi ya watu wanene wenye moyo mgumu. Nanga, mwanamke aliyeifanya miaka yote, alikuwa vyote viwili.

"Na nisipoweza?" Kona akauliza.

Kocha alikuna kichwa. Hakuwa mtu wa kuzungushazungusha maneno. "Kuna dada mmoja kutoka timu ya mji mwingine, mtu wa mstarini hasa. Ameomba kuja kwetu. Nimemwambia asubiri mpaka nusu fainali ipite. Nikiona nina mtu mstarini, nitamwambia abaki kwao. Nikiona sina, atakuja, na fulana zimekwisha, Kona. Sina nafasi ya mtu wa kukaa tu."

Hapo ndipo mambo yaliposimama. Kona amekwisha kupoteza pembe yake, na akishindwa katikati hana pa kurudi. Zitabaki ndoano mbili ukutani na stuli nje ya mlango.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa kichekesho, kwa wenzake. Alisimama mstarini, na nyuma yake akawekwa Mama Pacha, fundi cherehani, beki wao mkubwa kuliko wote, ambaye alikuwa na watoto mapacha na alimkaba kila mtu kama anavyowakaba wale mapacha wakitaka kutorokea barabarani. Mpira ukaanza kutembea. Kona akautazama ukienda kulia, na bila yeye kuamua lolote miguu yake ikaufuata, ikampeleka mpaka kona.

"Dada," Msusi akamwambia kwa adabu, "hapa pana mtu."

Ukumbi mzima ulicheka. Kona akarudi katikati masikio yakiwaka moto.

Mara ya pili alijikaza akabaki. Mama Pacha alimsogelea kwa nyuma, akapitisha mkono kiunoni kwake, akamlalia na kifua begani, kama mabeki wote wanavyofanya. Sheria inakataza kumshika mtu, bila shaka. Sheria inakataza mambo mengi. Refa ana macho mawili tu, na mkono wa beki huwa upande wa pili daima.

Kona akaganda. Ulikuwa umepita muda mrefu kiasi gani tangu mtu amguse zaidi ya kumpa mkono? Hakukumbuka, na kule kutokukumbuka ndiko kulikomtisha. Mkono ule ulikuwa mzito na wa moto. Pumzi ya Mama Pacha ilimpitia shingoni, ya haraka, ya mtu aliyekimbia. Kona alisahau mpira, akasahau ukumbi. Mpira ukaja, ukamgonga shavuni, ukadunda ukaenda zake.

"Umelala, Kona?" Kocha akapaza.

"Samahani, Kocha." Macho yalikuwa yamemjaa machozi, akashukuru kwamba mpira ulimgonga usoni, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Nanga alikuja mazoezini kila siku, tumbo mbele, mfuko wa karanga mkononi, akakaa kwenye benchi akatoa ushauri uliotakiwa na usiotakiwa. Yeye ndiye aliyemfundisha.

"Kule kona ulikuwa unaliona lango lakini mpira huupati," alimwambia wakati wa mapumziko. "Huku mpira utaupata, lango hutaliona. Kwa hiyo acha kugeuza shingo, utaivunja bure. Usilitafute kwa macho."

"Nitalitafuta kwa kitu gani?"

"Kwa huyo aliyekukaba. Yeye ndiye atakayekuonyesha. Akikulalia kulia, ujue kushoto ameacha wazi. Hawezi kuwa pande zote, si Mungu. Ukishaunasa mpira tu, shusha bega upande alioacha, zunguka, mwache nyuma yako, anguka ndani ya duara na urushe ukiwa bado unaanguka." Akatupa karanga mdomoni. "Wale wapigaji wa mbali wana nafasi ya kukimbia hatua zao na kuruka juu ya ukuta. Wewe wa kona ulikuwa na hewa, unakaa juu unatazama. Mstarini hakuna hewa. Ukingoja umekwisha."

Kona alijifunza. Mikono yake ilikuwa na nguvu kweli. Mpira ukitua kwenye vidole vyake vyenye gundi, ile wanayopaka wachezaji ili usiteleze, haukutoka. Alijifunza kukaa miguu imetanuka, makalio nyuma, kumsoma beki kwa mgongo: hapa ni kiwiko, hapa ni bega, sasa amehama, sasa amechoka. Akaanza kufunga mazoezini, moja, kisha nyingine. Msusi akampigia makofi kutoka kona, kwa sababu kule kona hakuwa na kazi nyingine.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Alianza kuwahi mazoezi. Alifika mapema, akajinyoosha, akatazama mlango mpaka Mama Pacha atokee. Nyumbani, akiwa amekaa na sahani yake mapajani, alihisi bado ile sehemu ya kiuno ambapo mkono ulikuwa, kama mtu anavyohisi saa aliyokwisha kuivua. Alijionea aibu. Mtu mzima, alijiambia, dobi wa hospitali, unamngojea beki. Aibu ile haikumzuia kuwahi tena siku iliyofuata.

Ubaya wake ulionekana kwenye mechi ya mwisho ya ligi, kabla ya nusu fainali. Beki wa timu ile nyingine alikuwa mama mwenye mikono kama mihimili, na tangu filimbi ya kwanza alimkumbatia Kona hasa. Mpira ukapenya, mzuri, wa kudundishwa chini, ukamfika. Kila kitu kilikuwa tayari. Uzito wote wa yule mama ulikuwa kulia. Kushoto palikuwa peupe, lori lingepita. Kona alijua. Mgongo wake ulijua. Na hakuzunguka. Alikaa mle ndani ya ile mikono kwa pumzi moja, mpira kifuani, na pumzi moja mstarini ni nyingi mno. Mpira ukachomolewa, adui wakaondoka nao mbio, wakafunga.

Kipindi cha pili ikatokea vilevile. Wenzake walianza kutazamana. Walishinda mechi kwa taabu, kwa juhudi za wapigaji wa mbali, na Kocha akamshika Kona mkono wakitoka.

"Unaogopa kuanguka?"

"Ndiyo, Kocha," Kona alisema. Afadhali aitwe mwoga.

"Basi dawa yake ni moja tu, kuanguka. Jumamosi nitakuanzisha. Usiponipa kitu, dada yule atakuja. Nakwambia uso kwa uso ili usije ukasikia kwa watu."

Wengine walipokwisha kuondoka, Nanga alibaki kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akihangaika kuinama kufunga kamba za viatu. Kona alipiga magoti akamfungia. Nanga akamtazama utosini.

"Huogopi kuanguka wewe."

Kona aliendelea kufunga kamba.

"Nimecheza pale miaka mingi," Nanga akasema. "Mwoga hukakamaa. Wewe unalegea. Wewe unapenda kushikwa."

Kamba ikamponyoka Kona. Alitaka kucheka, akataka kukasirika, na vyote viwili vikamkatalia. Alibaki amepiga magoti, mikono juu ya kiatu cha mwenzake, uso umemuwaka.

"Usimwambie mtu," akasema mwishowe.

"Nimwambie nani? Na nimwambie nini, kwamba dada mmoja yuko peke yake? Hiyo ni habari?" Sauti ya Nanga haikuwa na kejeli. Aliweka mkono juu ya tumbo. "Sikiliza nikwambie. Yule anayekushika pale hakushiki wewe. Anaushika mpira ambao bado hujaupata. Ukishaupoteza, angalia kama atabaki amekushika. Anakuachia palepale, anakimbia. Si ulimwona leo? Hata hakukutazama."

"Nilimwona."

"Basi. Ukizunguka unamwacha wewe. Usipozunguka anakuacha yeye. Vyovyote iwavyo mtaachana, ndugu yangu, kwa hiyo ni heri uondoke na goli."

Ilikuwa kweli, na kweli ile ilimuuma Kona njia nzima ya kwenda nyumbani, ikaingia naye chumbani, ikakaa naye akila. Alijaribu kuikasirikia akashindwa. Siku zilizofuata alifanya mazoezi kama mashine. Mama Pacha akimgusa tu kiunoni, anazunguka. Akimgusa tu, anazunguka. Hakujipa hata nafasi ya kuhisi kwamba mkono ule una joto. Aliuzoeza mwili kukimbia kabla moyo haujapata habari, na mwili, kwa kuwa ni kitu kitiifu kuliko moyo, ukajifunza.

"Sikukamati tena," Mama Pacha alilalamika siku ya mwisho, akihema. "Umekuwa sabuni."

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Wapinzani walikuwa timu ya kiwandani, wanawake wa mashine nzito, na beki wao wa katikati alikuwa mrefu, mtulivu, asiyezungumza, aina mbaya kuliko zote. Mpira wake wa kwanza Kona alizunguka nao vizuri, ukagonga nguzo. Wa pili akafunga, kati ya miguu ya kipa. Kipindi cha kwanza kiliisha hakuna aliyemwacha mwenzake. Cha pili wapigaji wa mbali walianza kuchoka. Mipira yao ikawa inagonga mikono ya ukuta na kurudi. Msusi alipata mpira mmoja kule kona, akaruka, akangoja, akafunga kwa namna ambayo Kona aliitambua kabisa, ile ya kumtazama kipa mpaka kipa aamue mwenyewe kukosea. Moyo ulimchoma, kidogo kwa furaha, kidogo kwa jambo jingine.

Dakika za mwisho zikafika matokeo yakiwa sare. Mpira ulikuwa wao. Kocha alisimama kwenye mstari wa benchi akinyoosha kidole katikati, mstarini, mstarini, na sauti yake ile ya kusimamisha lori ilikuwa imemkauka.

Kona akaingia kati ya mabeki, akawapa kisogo kipa na lango, akatanua miguu. Mpira ukaenda kushoto. Ukarudi. Mpigaji wa katikati aliruka kama anayetaka kurusha, beki mmoja akamfuata juu, na katika uwazi uliobaki mpigaji akaudondosha mpira chini, ukadunda, ukapanda mpaka mikononi mwa Kona.

Mkono wa yule mrefu ukamzunguka papo hapo. Ulikuwa mkono mzuri, ndivyo mtu angeweza kusema, imara, wa moto, na kifua chake kilimfunika Kona bega lote la kulia. Kona alihisi moyo wa yule mwanamke ukimdunda mgongoni. Kwa kitambo kisichopimika alijua atakachoacha akizunguka, akajua pia kwamba si chake, hakikuwa chake hata mara moja. Alihuzunika kikamilifu, pale katikati ya ukumbi, mbele ya watu wote hao, na hakuna aliyeona.

Bega la kushoto likashuka. Akazunguka, akamwacha, akaanguka mbele ndani ya duara, sakafu ikija kasi, na kabla haijafika akaurusha mpira kwa mkono wa kushoto chini ya kwapa la kipa. Aliusikia ukigonga wavu. Kisha sakafu ikampokea, kiwiko, nyonga, shavu.

Adui walipata nafasi ya kurusha mara moja tu, kipa wa akina Kona akaudaka mpira, na filimbi ikalia.

Wenzake walimjia mbio. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Pacha, mikono yote miwili wazi, analia na kucheka pamoja. Akamkumbatia.

Na mwili wa Kona ukafanya ulichofundishwa. Ulihisi mkono ukipita kiunoni, ukahisi uzito ukilalia kulia, bega likashuka, mguu ukazunguka, na kufumba na kufumbua Kona alikuwa nje, amesimama pembeni peke yake, na Mama Pacha amekumbatia hewa.

Timu nzima ilivunjika mbavu. "Jamani, huyu hashikiki tena," akasema Msusi, amejishika tumbo. Nanga alicheka kule benchini mpaka karanga zikamwagika. Hata Kocha alicheka, akapita karibu na Kona akampiga begani, akamwambia, "Yule dada nitampigia simu. Nitamwambia asijisumbue." Kona naye akacheka, maana angefanya nini. Mama Pacha akafuta machozi, akamgeukia kipa akamkumbatia yeye, mwingine akajiunga, na mwingine, mikono ikapanda mabegani, likawa kundi moja linalorukaruka na kuimba. Kona alisimama hatua chache kutoka hapo, akitabasamu, vidole vikimnata gundi.

Nafasi alikuwa ameipata. Fulana ilikuwa yake. Angeweza kusimama pale mpaka wamkumbuke. Kungoja alikujua vizuri kuliko mtu yeyote ukumbini. Alisimama akangoja kidogo. Halafu akawasogelea.

"Mama Pacha," akasema. "Nishike tena."

Mama Pacha aligeuka, akamtazama, akadhani ule mzaha unaendelea. Akatoka kwenye kundi huku akipandisha mikono ya fulana. Akaja nyuma ya Kona, akatanua miguu kama beki, akapitisha mkono kiunoni kwake, akamlalia begani kulia kama kule mazoezini.

"Haya," akasema. "Zunguka."

Wengine waligeuka ili watazame. Kushoto palikuwa wazi kabisa, hata mtoto angepaona.

"Zunguka basi, dada."

Kona hakuzunguka. Aliegemea nyuma kidogo, akafumba macho, na mabega yake makubwa yale yakaanza kutetemeka. Vicheko vilivyobaki vikakatika kimoja kimoja. Mkono wa pili wa Mama Pacha ulikuja mbele taratibu, ukakutana na wa kwanza.